Ukiwa kwenye dayati, usichague zoezi kwa jasho

Mwaka juzi nilipungua kilo tisa ndani ya miezi mitatu. Majirani hapa Uyole, Mbeya, wakanipongeza, lakini mimi nilijua kuna kitu hakiko sawa. Ndoo ya lita 20 niliyozoea kujitwika kutoka bombani hadi nyumbani, sasa nilikuwa naitua mara mbili njiani. Nilikuwa nakula mlo mmoja kwa siku na kukimbia kila alfajiri, basi. Mafuta yalipungua, na misuli ikaondoka nayo.

Mwili ukipunguziwa chakula hutafuta nguvu kwenye akiba yake. Huchoma mafuta, lakini msuli usiopewa kazi nao huliwa. Ukiupa msuli kazi nzito mara kwa mara na ukala protini ya kutosha, sehemu kubwa yake inabaki. Kwa hiyo kwa mtu wa dayati kazi ya zoezi la nguvu ni kulinda misuli. Mafuta yatapungua kwa kula kidogo kuliko unavyotumia.

Ndiyo maana nasema usichague zoezi kwa jasho, chagua linaloshughulisha misuli mikubwa kwa pamoja: mapaja, makalio, mgongo, kifua. Huhitaji jimu. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo madumu mawili ya lita 5 ni kilo kumi, na unaongeza maji kidogo kidogo kadiri unavyopata nguvu. Yangu ni ya lita 10, nimeyachora mistari kwa kalamu ya wino, kila mstari lita moja.

Lililonisaidia kuliko yote ni la kuinamia nyonga. Simama umeupa ukuta mgongo, hatua moja mbele yake, madumu mkononi. Legeza magoti kidogo, kisha sukuma makalio nyuma mpaka yaguse ukuta, madumu yakishuka karibu kabisa na mapaja. Mgongo unabaki umenyooka. Utasikia nyuma ya mapaja panavuta, hapo ndipo unapoishia kushuka, kisha unanyanyuka. Sisi tuliokulia kwenye mashamba ya viazi tumezoea kuinama kwa kupinda mgongo, kwa hiyo anza na madumu matupu mpaka mwili uzoee.

Mengine ni kuchuchumaa na kusimama ukiwa umekumbatia dumu, pushapu (anza ukutani, halafu ukingo wa kitanda, mwisho sakafuni), na kuvuta dumu hadi ubavuni mkono mmoja ukiegemea stuli. Manne yanatosha. Raundi tatu za mara 8 hadi 12, siku tatu kwa wiki, na kila raundi uishie pale unapohisi ungeweza kurudia mara mbili tu zaidi. Siku ambayo njaa imekuchosha, punguza raundi, usipunguze uzito, maana uzito ndio unaouambia mwili kwamba msuli huu bado unahitajika.

Mazoezi ya tumbo mia kila usiku hayatoi kitambi. Yanaimarisha misuli ya tumbo, ila mafuta hutoka pale mwili unapotaka wenyewe.

Upande wa chakula, lenga gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wako. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa) kutoka Kyela ni msaada mkubwa, na maziwa pia. Parachichi letu la Rungwe ni zuri kwa afya, lakini limejaa mafuta, na moja kubwa linaweza kufika kalori 300. Mimi nakula nusu. Mwenye ugonjwa wa figo aongee kwanza na daktari kabla ya kuongeza protini.

Nina daftari la shule ambamo kila siku ya zoezi naandika lita na idadi. Nguvu zikishuka wiki mbili mfululizo, naongeza chakula kwanza. Siku hizi napungua kama nusu kilo kwa wiki, polepole kuliko mwanzo, na ndoo naifikisha nyumbani bila kuitua.

Na asubuhi za Juni na Julai, baridi ya huku mnaijua: tembea dakika kumi kabla ya kugusa dumu. Mwenye presha asibane pumzi anaponyanyua, atoe hewa wakati wa kupanda.