Breki za upepo zinanishinda kwenye mtihani wa CDL (leseni ya Marekani ya kuendesha magari makubwa ya biashara)

SWALI: Mwalimu, niko Des Moines, Iowa, natafuta kibali cha kujifunzia lori. Maarifa ya jumla nimepita, lakini breki za upepo nimefeli mara mbili, ingawa kwenye programu ya simu napata karibu yote. Nakosea wapi? Au niziache kwanza?

JIBU: Ndugu yangu, usiziache. Ukipata leseni bila sehemu hiyo, itawekewa kizuizi cha kuendesha gari lenye breki za upepo, na semi, yaani malori ya kuvuta trela, karibu zote zinazo. Utakuwa na leseni bila kazi.

Programu ya simu imekuzoesha sura ya maswali. Kwenye mtihani swali linageuzwa: badala ya lililo sahihi unaulizwa lisilo sahihi, na aliyekariri anapotea. Chukua kitabu cha CDL cha jimbo lako, usome sehemu ya 5 polepole, ukianzia kwenye springi.

Breki ya kuegesha ya lori hufungwa na springi nzito. Upepo ndio unaozizuia. Upepo ukipungua, springi zinashinda. Ukishika hilo, mengi yanajieleza. Utaona kwa nini breki hujifunga zenyewe presha ikifika kati ya PSI 45 na 20 (PSI ni kipimo cha presha), na kwa nini onyo la upepo mdogo lazima litangulie. Utaona pia kwa nini hukanyagi pedali springi zikiwa zimefunga: nguvu mbili zikijumlishwa zinaweza kuharibu breki. Matangi nayo hutolewa maji kwa sababu kwenye baridi kama ya huko Iowa yanaganda, na breki zinaweza kukataa.

Ya kukariri ni machache. Injini imezimwa na pedali imekanyagwa, upepo usipotee zaidi ya PSI 3 kwa dakika kwa lori peke yake, 4 likiwa na trela. Kupita ni asilimia 80, yaani 20 kati ya 25.

Soma kwa Kiingereza, tena kwa sauti. Sheria ya shirikisho inamtaka dereva wa lori aweze kusoma alama za barabarani na kumjibu askari kwa lugha hiyo. Ukishapata kibali, utakaa nacho angalau siku 14 kabla ya mtihani wa vitendo. Siku hizo rudia ukaguzi wa upepo kando ya lori lenyewe, ukitaja kila hatua, maana ndivyo mkaguzi atakavyotaka kukusikia.