Muulize Fundi: Evo au STI, ipi inachanganya haraka?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi msomaji wako wa Mingoyo, Lindi. Msimu huu korosho zimenikumbuka, nataka gari la kunifurahisha roho. Nimeona mawili, Subaru Impreza WRX STI ya lita 2 na Mitsubishi Lancer Evo IX, yote ya mwaka 2005, yote yametoka Japani, gia sita za mkono. Shemeji yangu anaapa kwamba kutoka sifuri hadi mia Evo inaiacha Subaru ikitafuta njia. Mimi nimependa Subaru kwa ule mlio wake. Nani mkweli kati yetu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ungeniuliza saa kumi na mbili asubuhi ningekwambia nendeni mkanywe chai, wewe na shemeji yako, hamna cha kugombania. Ungeniuliza saa nane mchana, jua la huku kwetu likiwa utosini, ningemwunga mkono shemeji.

Kwenye karatasi magari haya ni mapacha. Injini lita 2, silinda nne, tabo (ile feni inayosukumia hewa ndani ya injini), magurudumu yote manne yanavuta, farasi 280 kila moja. Hiyo 280 haikutokea kwa bahati. Watengenezaji wa Japani waliwekeana ahadi miaka mingi kwamba gari la kuuzwa nyumbani kwao lisitangazwe zaidi ya hapo. Dereva anayejua kuachia klachi anafika mia kwa sekunde tano hivi, liwe hili au lile. Anayeachia vibaya anaongeza sekunde nzima, na hilo halina uhusiano na nembo iliyoko mbele.

Tofauti iko ndani. Evo ina uzito wa kilo 1,410 hivi, STI inaizidi kidogo. Halafu Evo inafikia nguvu yake kubwa ya kusokota shafti kwenye mizunguko 3,000 tu ya injini kwa dakika, wakati STI inaisubiri mpaka 4,400. Maana yake, uko gia ya tatu nyuma ya lori la korosho, umeona njia nyeupe, umekanyaga: Evo inaondoka hapohapo. STI inavuta pumzi kwanza, ndipo inakuja, na ikija inakuja kweli. Wapo wanaopenda hivyo. Mimi na umri huu sipendi kusubiri.

Sasa hilo la mchana. Kuna kijana aliniletea STI hapa gereji, analalamika kwamba asubuhi gari linaruka, mchana limekuwa bajaji. Tulikagua plagi, tukakagua mipira ya tabo kama inavuja, hamna kitu. Kumbe alikuwa amekaa foleni ya bandarini karibu saa nzima, injini inaunguruma, kiyoyozi kimewashwa. Nikafungua boneti nikaweka kiganja juu ya intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye tabo. Nilikiondoa upesi kuliko nilivyokiweka! Kwenye Subaru intakula imelala juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Gari likitembea, upepo unaingia pale na kuipoza. Likisimama, joto lote la injini linapanda na kuivaa. Hewa inayoingia kwenye silinda inakuwa ya moto, hewa ya moto ni nyepesi, na kompyuta ikihisi injini inaanza kugonga, yaani petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda, inachelewesha moto wa plagi. Hapo farasi 280 wanabaki kwenye karatasi. Evo imeiweka intakula mbele kabisa, nyuma ya bampa, ambako joto la injini haliifikii kirahisi. Ila nayo hula mawe yote ya njiani, na bampa lenyewe liko chini, matuta ya vijijini kati ya hapa na kwenu utayahesabu kwa mikwaruzo.

Na petroli msiisahau. Injini hizi zimesetiwa kwa petroli ya Japani ya okteni 100, okteni ikiwa kipimo cha petroli kuhimili huko kugonga. Ya vituo vyetu haifiki hapo. Kwa hiyo hizo sekunde tano mnazobishania ni za Japani, si za Mingoyo.

Kuhusu mlio, samahani nitakuvunja moyo. Ule mngurumo wa kudundadunda unatokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu. STI ya lita 2 ya Japani ya miaka hiyo ina mabomba yanayolingana, kwa hiyo hailii hivyo. Wewe umesikia Subaru nyingine ukaipenda. Kaisikilize hiyo yako kwanza.

Mwambie shemeji apunguze maneno pia. Safari Rally ya Kenya mwaka 1996 alishinda Mäkinen na Mitsubishi, 1997 McRae na Subaru. Richard Burns alishinda 1998 na Mitsubishi, akarudi 2000 akashinda na Subaru. Yeye alijua yote mawili na sijasikia akimtukana mtu.

Ningekuwa mimi, ningechukua Evo, lakini kwanza ningelala chini yake na tochi. Gari likiishi na hewa ya chumvi kama hii yetu kutu hulianza mapema. Kisha ningekagua ile pampu inayoendesha difu ya nyuma, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Ukikuta imekufa, punguza bei au ondoka. Na gari lolote kati ya haya, tairi nne ziwe sawa, za aina moja na zilizolika sawa. Ukichanganya mbili mpya na mbili za mtumba, difu ya kati itakuja kukulilia.

SWALI: Fundi, nina Impreza ya 1.5, nimeweka spoila na tundu la boneti. Mbona haichanganyi? Msomaji, Newala.

JIBU: Hiyo haina tabo, ina farasi 110 hivi, na hilo tundu ulilobandika linapoza boneti tu. Badilisha chujio la hewa, vumbi la kwenu ni jingi. Ukipanda mlima kuingia Newala, rudi gia ya pili mapema.