Kijapani kwa tamthilia kinaingia, ila maandishi ya Kiingereza yatakuchelewesha

Mdogo wangu wa Sakina, Arusha, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema umemaliza kidato cha sita, unasubiri chuo, unataka uingie kwenye utalii ukiwa na Kijapani cha kuombea maji, na kuna jamaa amekujazia flashi sizoni za samurai zenye maandishi ya Kiingereza chini. Unauliza mtihani wa Kijapani ukoje, na kama ukikaa tu ukaangalia, lugha itaingia yenyewe. Yenyewe haiingii. Lakini inaingia, na nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoanza mimi hapa Moshi, kwenye chumba cha kupanga Pasua, bila mwalimu.

Kazi yangu ni ya mlimani, Kilimanjaro. Nilianza mpagazi, sasa ni msaidizi wa mwongoza wageni. Kwetu Aprili na Mei ndiyo miezi ya ukata: mvua za masika zinapiga, wageni hakuna, unabaki na muda mwingi kuliko hela. Aliyenichokoza ni mjomba, analima mpunga Chekereni. Miaka ya 1980 alifanya vibarua na wataalamu wa Kijapani kwenye mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, na mpaka leo amebaki na maneno matatu: mizu (maji), tanbo (shamba la mpunga) na abunai (hatari), ambalo anasema alilishika siku trekta lilipokuwa linarudi nyuma naye kasimama pale pale. Nikajisemea, kama mzee kakaa na maneno matatu miaka yote hii, basi mtu akikaa chini akasikiliza kweli atapata zaidi.

Sasa sikia nilivyoumbuka. Nilikuwa nimemaliza sizoni mbili, zote kwa maandishi ya Kiingereza, nikajiona nimeiva. Tukapata kundi la Wajapani, njia ya Machame. Pale getini mizigo inapimwa, kuna mama mmoja wa miaka hamsini na kitu anahangaika na kamba za begi lake. Mimi kwa adabu zote nilizolelewa nazo nikamsogelea: "Obaasan, daijoubu desu ka?" Kichwani kwangu nimesema, mama, uko salama? Kijana mmoja wa kundi lile akaangua kicheko. Mama mwenyewe akatabasamu lile tabasamu la kufunga mazungumzo.

Nilikuwa nimemwita bibi kizee. Obasan yenye a fupi ni shangazi, au mwanamke wa makamo. Obaasan yenye a ndefu ni bibi. Na hata ile fupi isingeniokoa. Huku kwetu ukimwita mama usiyemjua "mama" umemheshimu, na mwenye mvi ukimwita "bibi" anakuombea baraka. Kule mgeni wako mwite kwa jina la ukoo na san mwishoni, inatosha. Kinachoniuma ni kwamba neno lile nilikuwa nimelisikia mara kumi na zaidi kwenye tamthilia, ila macho yalikuwa kwenye Kiingereza, na macho yakishiba masikio yanalala. Tena sisi hatuna kisingizio cha kutosikia urefu wa irabu. Kufa na kufaa nani anazichanganya?

Niliporudi mjini nikaanza upya, safari hii na herufi. Hiragana za msingi ni 46, katakana nazo 46. Nilizimaliza kwa wiki mbili na siku kadhaa, nikiandika nyuma ya fomu za zamani za safari. Usiziruke. Kijapani kilichoandikwa kwa herufi zetu watu wengi hawajali kuandika urefu wa irabu, kwa hiyo bibi na shangazi wanafanana. Kwenye kana, yaani hizo hiragana na katakana, hawafanani kabisa. Wakati huo huo nilikuwa nasikiliza masomo ya shirika la utangazaji la Japani, NHK WORLD-JAPAN, kisa cha Anna, mwanafunzi kutoka Thailand anayesoma Japani. Yalikuwa masomo 48 mafupi na maelezo kwa Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili. Watu wanahangaika na vitabu vya Kiingereza, na mimi kitu hiki nilikipata bure.

Matamshi yasikutishe, irabu zao ni tano kama zetu. Kinachotaka mazoezi ni konsonanti ya kubanwa: kite ni njoo, kitte ni stempu, na hiyo pumzi inayokatika katikati sisi hatuna.

Turudi kwenye tamthilia. Kuna kipande kimoja kilinibadilisha namna ya kuangalia, nitakieleza kama kilivyo. Ni duka la vyakula vya kufungasha. Mwanaume wa ofisini amekuja kununua, anazunguka zunguka, mwisho anamuuliza muuzaji: "Doyoubi, eiga ni ikimasen ka?" Jumamosi twende sinema? Yule dada anaangalia chini, anasema: "Doyoubi wa chotto..." Halafu kimya. Chini pameandikwa kwa Kiingereza kwamba samahani, Jumamosi nina kazi.

Nikarudisha nyuma. Kazi iko wapi hapo? Samahani iko wapi? Amesema "Jumamosi, kidogo..." akaacha hewani. Nikarudisha tena, na tena. Ndipo nikaelewa kwamba mwandishi wa yale maandishi amemmalizia sentensi. Kwa Kijapani huyo dada amekataa kwa kuacha sentensi bila mkia, na mwanaume ameelewa, ameinamisha kichwa, ameondoka na chakula chake. Mswahili haoni ajabu hapo. Si ndiyo sisi hao, ukialikwa unasema "Jumamosi... haya, tutaona," na kila mtu anajua huendi? Kiingereza ndicho kilichoingia katikati kikavuruga.

Tangu hapo nikawa na daftari la Kijapani na Kiswahili peke yake. Mfano neno douzo. Kwenye maandishi ya chini nililikuta mara "ingia", mara "chukua", mara "keti", mara "tangulia wewe", yote kwa Kiingereza, nikadhani ni maneno manne. Kwenye daftari langu lina neno moja: karibu. Gomen kudasai ya mtu aliyesimama mlangoni: hodi. Na otsukaresama desu, wanayoambiana jioni wakitoka kazini, Kiingereza kinalihangaikia kila sehemu kwa namna yake, sisi tunalo tangu utotoni: pole na kazi. Siku ya kwanza nilipowaambia wageni otsukaresama desu tulipofika kambini, walisimama wakanitazama kama nimezaliwa kwao. Si kila neno linakaa, lakini. Sumimasen nimeliandika "samahani", halafu nikakuta mtu ameokotewa kofia anasema sumimasen, maana yake asante kwa usumbufu. Hilo nimeliachia ukurasa mzima.

Namna ninavyoangalia ni hii. Sehemu nzima naiangalia mara moja kwa maandishi yoyote ninayoyaelewa, nipate kisa, nicheke, nile. Halafu nachagua kipande cha dakika mbili, si zaidi, ambacho watu wanaongea kwa kupokezana. Hapo naondoa Kiingereza naweka maandishi ya Kijapani, wenyewe wanayaita jimaku. Nasimamisha kila mstari, naandika, natafuta, naandika Kiswahili pembeni. Mwisho nafunga maandishi yote nasema pamoja nao kwa sauti, mpaka niwe nafika mwisho wa sentensi pamoja na mwigizaji. Kipande cha kwanza cha dakika mbili kilinichukua jioni tatu, na moja ilipotea kwa sababu mvua kwenye bati ilikuwa inapiga mpaka hedifoni hazisaidii. Jirani aliniuliza kama nimeokoka, alidhani nanena kwa lugha.

Rafiki yangu ana programu kwenye kompyuta inayoonyesha lugha mbili kwa pamoja, Kijapani juu, Kiingereza chini. Nilijaribu siku chache nikaacha. Jicho ni vivu, linakimbilia linachokijua.

Ya kuanzia, kuna mfululizo wa taasisi ya Kijapani ya Japan Foundation uliotengenezwa kwa wanaoanza, kisa cha Erin, binti mgeni anayesoma sekondari Japani. Masomo 25, bure mtandaoni, na unachagua mwenyewe maandishi: ya kanji (herufi zenye asili ya Kichina), ya kana tu, ya herufi zetu au ya tafsiri. Ni vya kitoto kidogo, vumilia. Baadaye tafuta tamthilia za nyumbani, za mgahawa mdogo, za dukani. Polisi, hospitali na mahakama achana nazo, maneno yake hata kwa lugha yako huyajui. Kipimo changu: angalia dakika tano za mwanzo bila maandishi yoyote. Kama umejua nani kamkasirikia nani, inakufaa.

Watu watakuambia pia kuhusu tamthilia za asubuhi za NHK, zilizoanza 1961, za dakika 15 kila sehemu. Urefu ni mzuri sana kwa bando la mtu wa kawaida. Tatizo nyingi zinachezwa mikoani na wahusika wanaongea lafudhi ya huko. Niliangukia moja ya Osaka, kila mtu anasema akan, akan, nikalitumia mlimani kumwambia mgeni asikanyage jiwe bovu. Alifurahi sana, ila akaniuliza nimeishi Osaka mwaka gani. Neno la kitabuni ni dame.

Hapa kwenye adabu nakuomba uwe makini. Kwenye tamthilia wanaume wanajiita ore, wanaitana omae, wanakata vitenzi: taberu (kula), iku (kwenda). Ni lugha ya marafiki na ya ugomvi. Wewe kwa mgeni unasema tabemasu, ikimasu. Huwezi kumkuta mzee wa watu ukamwambia "niaje", utampa shikamoo. Kwenye daftari kila mstari naandika nani anamwambia nani. Maneno ya muuzaji kwa mteja nayakariri. Ya wapenzi na wanafunzi nayaelewa tu, siyasemi.

Faida yake niliiona Barafu, kambi iliyo juu ya mita 4,600, usiku wa kuelekea kileleni. Mgeni mmoja, mzee mkimya, tangu kambi ya Karanga alikuwa anajibu daijoubu desu kwa kila kitu: supu, daijoubu, chai, daijoubu. Nalo ni neno la kuangalia sana, maana linabeba "niko sawa" na pia "hapana, asante". Mwongozaji mkuu alimuuliza kwa Kiingereza kama kichwa kinauma, akasema yuko sawa. Nikachuchumaa mlangoni mwa hema nikamuuliza kwa lugha yake. Akasema, "Atama ga chotto..." Akaishia hapo, ametazama viatu vyake.

Kichwa, kidogo... Nikamwona yule dada wa dukani. Kwa kamusi, mzee kaniambia kichwa kidogo tu. Kwa masikio niliyoyapata Pasua, kaniambia kuna tatizo na hataki kuwa mzigo kwa wenzake. Nilimwita mkuu, akapimwa oksijeni kwa kile kifaa cha kidoleni, akakaguliwa upya, na uamuzi ukawa ateremke. Asubuhi tulipokuwa tunashuka nilikuwa namwambia yukkuri, yukkuri, yeye ananijibu polepole, polepole. Kila mtu kashika lugha ya mwenzake.

Kuhusu mtihani uliouliza: JLPT, mtihani wa kupima Kijapani, una ngazi tano, N5 ya chini mpaka N1 ya juu. Mimi nilivuka Namanga nikaufanyia Nairobi, Desemba, ngazi ya N5. Kufaulu ni alama 80 kati ya 180, lakini kusikiliza peke yake usipungue 19 kati ya 60, na maneno, sarufi na kusoma kwa pamoja 38 kati ya 120. Kusikiliza nilipita kifua mbele. Kusoma niliponea chupuchupu, tamthilia haifundishi kusoma haraka, hilo nalikiri. Kuongea hakupimwi kabisa, kwa hiyo usishangae kumkuta mwenye cheti asiyeweza kumuelekeza mgeni choo.

Bando: pakua usiku pale penye mtandao wa bure, dakika mbili hizo utazirudia mara hamsini bila kulipa tena.

Na hizo samurai za kwenye flashi ziweke kwanza. Wanaongea Kijapani cha kale, ukimsalimia nacho mgeni ni kama mtu akushushie mashairi ya tenzi stendi kuu ya Arusha. Ninazo na mimi. Niliishia sehemu ya tatu, watu saba wameshakufa, na mpaka leo sijajua walikuwa wanagombania nini.