Kwa mnaoanza kupanga seva ya barua pepe: msinunue gigabaiti tu

Ndugu mnaoanza kazi hii hapa Kisumu na kanda yote ya magharibi, siku mtakapoitwa kupanga mfumo wa barua pepe wa chuo au wa kaunti, swali la kwanza mtakaloulizwa ni hili: tununue nafasi kiasi gani? Jibuni, ila msiishie hapo. Seva ya barua huelemewa na wingi wa kusoma na kuandika kabla diski hazijakaribia kujaa.

Chukueni mfano wa watumiaji 4,000, kila mmoja gigabaiti 5. Jumla ni terabaiti 20, na diski tatu za terabaiti 8 zingezibeba. Sasa fikirieni Jumatatu saa mbili asubuhi, watu wote wakifungua simu na kompyuta kwa mpigo. Tuseme kila mtumiaji analeta operesheni 0.2 kwa sekunde: hizo ni 800, nusu kusoma, nusu kuandika. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humudu takriban operesheni 80 kwa sekunde, kwa sababu kichwa chake hurukaruka huku na huku kutafuta vipande vidogo vidogo. RAID 10, mpango wa kuunganisha diski nyingi zifanye kazi kama moja, huandika kila kitu mara mbili, kwa hiyo mzigo unakuwa 1,200, yaani diski 15. Nunueni 16 maana huenda jozi kwa jozi. RAID 5, mpango mwingine wa aina hiyo, hugeuza kila uandishi mdogo kuwa operesheni nne. Mzigo unapanda hadi 2,000, diski 25! Anayewaambia RAID 5 inaokoa pesa amehesabu nafasi peke yake.

Hiyo 0.2 ni ya mfano. Pimeni yenu kwa iostat, amri inayoonyesha usomaji na uandishi wa diski, kwenye seva inayotumika sasa, saa za pilkapilka.

SSD, yaani diski zisizozunguka, zimepunguza shida hii sana, lakini si kila bajeti itamudu terabaiti 20 za SSD. Mimi hupendelea kuweka faharasa na barua mpya kwenye SSD, na barua kuukuu kwenye diski za kawaida. Dovecot, programu ya seva ya barua, ina uwezo wa kuhamisha barua kwa umri wake mkitumia muundo wa mdbox, unaoweka barua nyingi katika faili moja. Mkichagua muundo wa Maildir, kumbukeni kila barua ni faili moja. Mfumo wa faili wa ext4 wa Linux kwa kawaida hutenga inodi moja, yaani rekodi ambayo kila faili huhitaji, kwa kila kilobaiti 16. Barua zikiwa fupi fupi, inodi huisha huku nafasi ikiwa tele, na seva hukataa barua ikidai diski imejaa. Tazameni amri ya df -i, ya inodi, kila mnapotazama df, ya nafasi.

Viambatisho navyo huvimba kwa thuluthi moja vinaposafirishwa. Waraka wa megabaiti 6 huwa megabaiti 8. Ukitumwa kwa wote 4,000, na kila kasha likitunza nakala yake, hizo ni gigabaiti 32 za barua moja. Wekeni kikomo, na nyaraka za wote ziwe kwenye tovuti ya ndani.

Mkiweka klasta, yaani seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja, anzeni na nodi tatu, yaani seva tatu. Zikiwa mbili na waya wa kati ukakatika, kila moja itadhani mwenzake amekufa, zote mbili ziandike, na kuziunganisha tena ni mateso. Ya tatu si lazima ibebe barua. Mashine ndogo ya kupiga kura, kuamua upande upi uendelee, inatosha. Nodi zote tatu zikibeba barua, kila moja isizidi thuluthi mbili za uwezo wake, ili moja ikianguka mbili zilizobaki zibebe mzigo. Na kunakili kati ya nodi si hifadhi: barua ikifutwa kwa makosa, inafutwa kotekote. Hifadhi iwe pengine, jengo lingine kabisa.

Sisi wa kando ya ziwa tunajua radi za alasiri na stima inayopotea ghafla. Kati ya majengo tumieni faiba, maana haipitishi umeme kama shaba. SSD ziwe za aina yenye kinga ya kukatika kwa umeme, na kadi ya RAID iwe na betri au flashi ya kulinda data ambayo haijafika diskini. Kisha, kabla ya kuwahamisha watumiaji, chomoeni nodi moja wakati mzigo wa majaribio ukiendelea, mpime barua zinachukua muda gani kuanza kufunguka tena.