Nikipiga simu ya siri kazini, jina langu litabaki siri?

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinauliza jambo moja: ile simu ya siri ambayo makampuni huwawekea wafanyakazi ili watoe taarifa za wizi, rushwa, unyanyasaji na maovu mengine kazini. Nimezifupisha, na nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha aliyeandika.

Nafanya kazi stoo. Zaidi ya mara moja nimemwona mkuu wa manunuzi akisaini hati za kupokea mzigo ambao haujawahi kufika. Ukutani kuna bango la simu ya siri, ila naogopa. Si wataiona namba yangu?

Hofu yako ina msingi, ndugu yangu, na asikuambie mtu kwamba ni woga tu.

Kuna mambo mawili ambayo mabango mengi huyachanganya. Taarifa ya siri ni ile ambayo anayeipokea anakujua, lakini anawajibika kutokutaja kwa mtu asiyehusika na uchunguzi. Taarifa isiyo na jina ni ile ambayo hata anayeipokea hajui wewe ni nani. Kabla hujaanza kueleza lolote, uliza: jina langu litaandikwa? Litamfikia nani? Ukijibiwa kwa kuzungushwa, kata simu utafute njia nyingine.

Makampuni mengi hukodi kampuni ya nje kupokea simu hizo. Anayekusikiliza hafanyi kazi kwenu. Huandika maelezo yako na kuyatuma kwa watu wachache walioteuliwa, na kwa kawaida namba ya mpigaji haiambatanishwi. Ikiwa simu inapokelewa na wafanyakazi wa palepale kwenu, sauti yako peke yake yaweza kukutaja. Kama kuna fomu ya mtandaoni, itumie hiyo. Kwa vyovyote vile, usipige kwa simu ya kampuni, wala usijaze fomu kwa kompyuta au intaneti ya ofisi, maana mitambo huweka kumbukumbu na kuna watu wanaoweza kuzisoma. Ukiambatanisha faili, kumbuka kwamba linaweza kuwa limehifadhi ndani yake jina la aliyeliandika, na picha ya simu huweza kubeba saa na mahali ilipopigwa.

Hata hivyo, mara nyingi kinachomuumbua mtu si namba ya simu bali maelezo yenyewe. Ukisema "aliniita nikasaini kwa sababu msaidizi wake alikuwa likizo", umeshajitaja. Sema hivi badala yake: hati ya kupokea mzigo namba fulani, ya tarehe fulani, ya mzabuni fulani; ilinganishwe na daftari la getini na malipo yaliyofanywa. Hapo mkaguzi ana pa kuanzia bila kukuhitaji wewe, na hati hiyo ingeweza kuonwa na mtu wa stoo, wa getini au wa uhasibu. Jiulize ni wangapi wangeweza kulijua jambo hili. Wakiwa wawili tu, hujajificha hata usipotaja jina. Na kama ulishalalamika wazi mbele ya wenzako juu ya mizigo hiyo, chukulia kwamba watakuhisi wewe kwanza, ujipange kwa hilo.

Mwenzangu anasema taarifa isiyo na jina hutupwa kapuni. Ni kweli?

Si kweli, ingawa kuna mahali inatokea. ACFE, shirika la wataalamu wa kuchunguza ulaghai, lilieleza katika ripoti yake ya 2024 kwamba asilimia 43 ya kesi ilizozichambua ziligunduliwa kwa sababu mtu alitoa taarifa. Zaidi ya nusu ya taarifa hizo zilitoka kwa wafanyakazi. Kwa hiyo wewe uliye ndani unaona ambayo wakaguzi hawayaoni.

Taarifa isiyo na jina hufa pale inapokuwa nyepesi na hakuna wa kuulizwa zaidi. "Meneja ni mwizi" haichunguziki. Ukitoa tarehe, kiasi, namba za ankara na mahali hati zilipo, hakuna sababu ya kuitupa.

Ushauri wangu, ikiwa simu inaendeshwa na kampuni ya nje: uliza kama unaweza kuwaachia wao jina lako na kuwazuia wasimpe mwajiri. Wengi huruhusu. Mchunguzi akiwa na swali atakupata kupitia kwao, na kwenu kazini hakuna atakayejua. Wakikataa, kaa bila jina.

Nimesikia tu, sijaona kwa macho. Nitafute ushahidi kwanza?

Hapana, tafadhali. Usifungue barua pepe ya mtu, usivunje kabati, usiingie kwenye mfumo kwa nenosiri la mwenzio. Utaharibu ushahidi, utamshtua mhusika, na huenda ukajikuta wewe ndiye mwenye kosa. Kazi ya kuchunguza si yako. Sheria nzuri hazikudai uthibitishe. Zinakutaka uwe na sababu ya msingi ya kuamini unachokisema wakati unakisema. Ndivyo ilivyo katika sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2019 ya kuwalinda watoa taarifa. Sheria hiyohiyo inaagiza adhabu kwa anayetunga uongo huku akijua.

Tenganisha tu: hili nililiona, hili niliambiwa. Usiongeze chumvi.

Bosi wetu mkubwa ndiye mwenye makosa. Taarifa si zinaishia mezani kwake?

Hili ndilo swali lililonigusa zaidi, kwa sababu limewahi kutokea mahali ambapo watu waliamini haliwezi kutokea. Mwaka 2016 benki ya Barclays ya Uingereza ilipokea barua isiyo na jina iliyokuwa na madai kuhusu mtu aliyekuwa ameajiriwa katika nafasi ya juu. Mkurugenzi mtendaji, Jes Staley, aliwaagiza watu wa usalama wa benki wamtafute aliyeiandika. Hawakumpata. Mwaka 2018 wadhibiti wa Uingereza walimtoza Staley faini ya pauni 642,430, na mwishoni mwa mwaka huo mdhibiti wa fedha wa jimbo la New York akaitoza benki dola milioni 15.

Mambo mawili yanitia moyo hapo: mwandishi wa barua hakujulikana hata kwa nguvu za benki nzima, na kumsaka kulimgharimu aliyemsaka. Lakini faini haikuzuia msako kufanyika. Ndiyo maana njia ya taarifa lazima iwe na mlango wa pili usiopita kwa mkuu. Nchini Marekani, sheria ya Sarbanes-Oxley ya 2002 inaitaka kamati ya ukaguzi ya bodi, katika kampuni zilizo kwenye soko la hisa, iweke utaratibu wa kupokea malalamiko ya wafanyakazi kuhusu mahesabu, kwa siri na bila jina. Soma sera ya kampuni yenu uone taarifa inayomhusu mkurugenzi inakwenda kwa nani. Unapopiga, mtaje mapema na useme waziwazi asipewe taarifa hii. Sera ikiwa kimya kabisa, mwandikie mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi au nenda kwa mamlaka ya nje inayosimamia sekta yenu.

Meneja wangu ananipangia zamu mbaya na hanisalimii. Nipige simu ya siri?

Hilo lipeleke idara ya rasilimali watu au chama cha wafanyakazi. Lakini kama zamu mbaya ni adhabu kwa sababu ulimkatalia kimapenzi, huo ni unyanyasaji wa kingono, na unayo haki yote ya kupiga.

Nilipiga wiki nyingi zilizopita. Kimya. Wamenipuuza?

Ulipopiga, ulipewa namba ya kumbukumbu, pengine na nenosiri? Itafute leo, upige tena au uingie kwenye fomu. Wanaotoa taarifa bila jina wengi hudhani kazi yao imekwisha wanapokata simu, kumbe mchunguzi ameacha maswali na hana namna nyingine ya kuwafikia. Swali lisilojibiwa kwa muda mrefu huweza kufunga jalada zima. Inaniuma kila ninapofikiri taarifa ngapi za kweli huzimika hivyo.

Kuhusu muda, Umoja wa Ulaya unazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zithibitishe kupokea taarifa ndani ya siku 7, na zimpe mtoa taarifa mrejesho ndani ya miezi 3 baada ya hapo. Hata kama sheria hiyo haiwagusi, ni kipimo kizuri cha kudai kwenu. Usitegemee kuambiwa nani kaadhibiwa na vipi; hiyo nayo ni siri ya mwingine. Lakini una haki ya kujua kama jambo lilichunguzwa. Wakishindwa hata hilo, nenda nje kwa mamlaka husika.

Tangu nitoe taarifa nimehamishwa kitengo, na tathmini yangu iliyokuwa nzuri imekuwa mbaya ghafla.

Pole sana. Anza leo kuandika: tarehe, nani alisema nini, mbele ya nani. Hifadhi nyumbani tathmini zako za zamani ambazo ulipewa kihalali, maana tofauti ya kabla na baada ndiyo itakayokusemea. Kisha ripoti kulipiziwa kisasi kama kosa jipya, lenye namba yake ya kumbukumbu, lisimezwe na lile la kwanza. Chini ya sheria ya Ulaya, ukionyesha kwamba ulitoa taarifa kisha ukaumizwa, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu nyingine. Muhimu kuliko yote, muulize mwanasheria au chama chako kuhusu muda wa mwisho wa kulalamika. Kwa Marekani, chini ya Sarbanes-Oxley, ni siku 180. Kwingine unaweza kuwa mfupi zaidi, na ukipita, haki yako inaweza kwenda nao.

Mimi ndiye niliyesemwa. Nimeitwa kwenye uchunguzi na sikufanya kosa. Nina haki ya kujua nani kanisema?

Una haki ya kujua tuhuma ni ipi kwa undani wa kutosha kuijibu, na ya kusikilizwa kabla ya kuamuliwa. Jina la aliyekusema hulihitaji ili kuthibitisha kwamba mzigo ulifika au pesa ziliingia. Najua inauma kukaa na watu usijue ni yupi. Lakini ukianza kuulizauliza, hata kwa nia njema, itaonekana unatisha mashahidi, na hilo litakuwa kosa lako halisi la kwanza. Omba tuhuma kwa maandishi, kusanya rekodi zako, na uliza mapema kama unaruhusiwa kuingia na mwakilishi wa chama au mwenzako mmoja.