Kabla hujajaza fomu ya tuzo

Siku tuliyorudi Pemba na tuzo yetu ya kwanza, khabari ilitutangulia. Hatujafika Chake Chake kutoka bandarini Mkoani, watu walishaambizana kuwa tumepewa mamilioni. Tulichopewa ni kipande cha kioo chenye jina la jumuiya na cheti kilichokwisha kujikunja kwa unyevu wa ndani ya boti. Pesa hazikuwamo. Wiki ile ile walikuja watu watatu ofisini kuulizia fungu lao, na mmoja wao alikuwa mjumbe wa kamati yetu wenyewe.

Nyinyi mlioanza kazi za jumuiya mwaka huu nawajua. Mkiona tangazo la tuzo mnakesha na kompyuta, asubuhi fomu imeshatumwa. Mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Karatasi za kawaida sitazirefusha: cheti cha usajili wa jumuiya, katiba, hesabu zilizokaguliwa, mihutasari ya vikao yenye saini. Kimoja kikikosekana, funga kompyuta ukalale.

Penye kazi ni pale fomu inapouliza: wanufaika wangapi? Mara ya kwanza tuliandika 640, kwa mradi wetu wa wanawake wa mwani Micheweni. Hatukudanganya kwa makusudi. Tulijumlisha mahudhurio ya semina zote. Baada ya mwezi waamuzi wakaomba orodha ya majina. Nikakaa sakafuni na madaftari, nikaanza kuchambua. Mama mmoja alikuwamo mara nne: semina ya sabuni, ya kikundi cha hisa, ya ukaushaji, ya masoko. Mara ya kwanza kaandikwa jina lake na la baba yake. Mara ya pili kaandikwa Mama Ali. Mara ya tatu jina la utani ambalo kijiji kizima kinamjua kwalo. Ya nne ni alama ya dole gumba tu, na nisingemtambua lau si katibu wa kikundi aliyekaa pembeni yangu akicheka. Nilipomaliza, 640 ilikuwa 212.

Tulipeleka 212 pamoja na barua ya kueleza kosa. Mwaka ule hatukupata kitu.

Tangu hapo kila mtu ana namba yake moja, semina yoyote atakayohudhuria. Pembeni ya namba tunaandika, siku ile ile ya kwanza, hali tuliyomkuta nayo: kamba ngapi za mwani, anakausha juu ya mchanga au juu ya chanja, mavuno ya mwisho aliuza kilo ngapi na kwa bei gani. Hii ya siku ya kwanza ndiyo wageni wengi wa kazi hii wanaiacha, na haina dawa baadaye. Ukimuuliza mtu baada ya miaka miwili alikuwa akipata kiasi gani, atakupa jibu la kukufurahisha, kwa sababu anakupenda na umekuja na juisi.

Na msijivike kilemba cha ukoka. Bei ikipanda kwa sababu mnunuzi wa pili kaingia kijijini, andikeni hivyo. Mavuno yakishuka kwa kuwa maji ya pwani yamepata joto na ile kotoni, aina ya mwani yenye bei nzuri, inakufa, andikeni na hilo pia. Mwamuzi anayejua mwani anajua hayo yote, na akiona umeyaficha hatakuamini hata pale uliposema kweli.

Mzee mmoja wa baraza aliwahi kuniambia kuwa tuzo ni riya, yaani kujionyesha: sadaka ya mkono wa kulia, wa kushoto usijue. Sikumjibu siku ile. Bado naona ana haki ya nusu. Sadaka yako wewe ifiche. Lakini pesa tunazotumia sisi ni za watu, na mwenye pesa zake ana haki ya kuuliza zimefanya nini.

Penye kusitiri, sitirini kweli. Jumuiya zinazosaidia waliofanyiwa udhalilishaji hushawishika kutia hadithi ya mtoto ndani ya fomu, kwa sababu inaliza. Mkibadilisha jina mkaacha shehia, umri na skuli yake, mmemtaja. Mimi huikata aya yote, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote.

Kuchagua tuzo nako kunataka utulivu: kazi kwanza, tuzo baadaye. Hifadhi ya kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, ilipopata tuzo ya mazingira ya Global 500 ya Umoja wa Mataifa mwaka 2000, miamba yake ya matumbawe ilikuwa imehifadhiwa tangu 1994. Tuzo ya Ikweta ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ilipoanza 2002, miongoni mwa waliotambuliwa walikuwa HASHI wa Shinyanga, mradi wa kuhifadhi ardhi ulioanza 1986. Walirudisha ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho, na hawakuibadilisha jina ili ipendeze wageni. Basi na nyinyi andikeni kwanza kwa Kiswahili, kama mnavyomweleza sheha, kisha ndiyo muitafsiri fomu. Fomu iliyofikiriwa kwa Kiingereza cha semina hunuka kutoka mbali.

Uingereza wana tuzo ya Mfalme kwa vikundi vya kujitolea, nayo hairuhusu kikundi kujipendekeza chenyewe. Lazima mtu wa nje akipendekeze. Sisi si wa huko, lakini kanuni hiyo tumeichukua. Kabla ya kutuma, fomu yetu husomwa na mtu asiyelipwa nasi, kwa kawaida mwalimu au daktari wa spitali ya jirani, na tunamwambia atafute uongo.

Kuna na zile barua pepe: hongera, mmechaguliwa, lipieni meza ya chakula cha jioni huko Dubai kwa dola kadhaa. Hamkuomba, hamkukaguliwa, na mshindi ni kila aliyelipa. Futeni. Mwenyekiti atanuna kwa sababu alishaanza kutafuta suti, mwacheni anune.

Safari ya Dar, kuchukua ile tuzo ya kwanza, tulipeleka watu wawili, mimi na yule Mama Ali. Jina lilipotajwa nilimsukuma yeye jukwaani. Aliulizwa kwa kipaza sauti tuzo itawasaidia nini, akasema hajui bado, ila wanataka chanja nyengine kumi kabla ya masika. Kioo kile sasa kiko Micheweni, juu ya kabati la kikundi, nyuma ya mizani.