Gunia moja kwa kila mtoto: kuanza bustani ya mboga nyumbani hapa Goma

Agosti ikielekea ukingoni, wamama wenzangu huanza kuniuliza kama kweli mtu anaweza kulima mboga katika parseli (kiwanja cha nyumba) iliyojaa mawe, tena akiwa na watoto wa miaka mitatu, minne wanaomzunguka miguuni. Anaweza. Mimi nalima nyumbani, mtaa wa Ndosho, na watoto watatu: mkubwa amefika shule ya msingi, wa kati yuko chekechea, na kadogo ndiyo kwanza anajifunza kutamka majina ya mboga. Ushauri wangu ni mmoja, mengine yanaufuata: kila mtoto awe na gunia lake. Asipewe kona ya bustani ya mama. Apewe gunia alilolijaza mwenyewe, analolimwagilia mwenyewe, na siku ya kuchuma aamue mwenyewe jani lipi lianze.

Goma tumejenga juu ya mawe ya volkano. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani, na Mei 2021 ikashuka tena hadi Buhene, mlangoni mwa mji. Kuna parseli ambamo jembe linagonga jiwe kabla halijazama hata kiganja. Udongo wa volkano una rutuba nyingi, lakini kwetu umejificha kidogo kidogo kwenye nyufa za mawe. Gunia linaukusanya huo mchache na kuuweka pale unapoutaka wewe, karibu na mlango wa jikoni, mbali na kuku.

Kuna sababu nyingine, na kwangu hiyo ndiyo kubwa. Tuta la kawaida mtoto mdogo analiona kama njia. Umwambie mara ngapi, atapita juu ya miche akikimbilia mpira. Gunia halikanyagiki. Ukikunja mdomo wake mpaka usawa wa kifua cha mtoto, anaona kila kinachoota bila kuinama, na anajua mpaka wa kitu chake uko wapi. Ugomvi wa "ile ni yangu" unakwisha siku ya kwanza.

Kuhusu majira: mvua zetu kubwa zinaanza Septemba zikaenda hadi Desemba, halafu zinarudi kuanzia mwisho wa Februari au Machi mpaka Mei. Jaza magunia wiki za mwisho za Agosti, watoto wakiwa bado likizo, ili mbegu ziingie pamoja na mvua za kwanza na masomo. Anayenunua maji kwa bidoni (dumu) anajua maana ya kupanda wakati mbingu inasaidia. Ukianza Juni, utalima kwa pesa.

Sasa kujaza. Hapa ndipo watoto wanapofurahi kuliko siku yoyote, kwa hiyo usiifanye kazi hii peke yako wakiwa wamelala. Tafuta gunia la mchele au la unga la kilo 50. Lililobeba saruji au dawa za shambani liache. Tafuta pia kopo kubwa la maziwa ya unga, ulitoboe chini libaki wazi pande zote mbili, na ugonge kingo zake kwa nyundo zisikate vidole. Tandika mawe chini ya gunia. Simamisha kopo katikati, mtoto alijaze mawe madogo, na wewe uzungushie udongo nje ya kopo. Udongo ukifika ukingoni mwa kopo, livute juu taratibu: mawe yanabaki yamesimama katikati. Mtoto anajaza tena, unazungushia tena, unavuta tena, hadi juu. Ukimaliza, katikati ya gunia pana nguzo ya mawe kutoka chini mpaka mdomoni. Maji ukiyamwaga juu ya nguzo yanashuka na kusambaa pembeni, hata mche ulio chini kabisa unakunywa.

Mawe tunayo, tena yale mepesi yenye matundu, ambayo hushika unyevu vizuri. Ila yanakata. Wavalishe viatu, na chagua mwenyewe yale yaliyochakaa makali kabla ya kuwapa. Kadogo wangu alikuwa akileta jiwe moja moja kwa mikono miwili, analiangalia, analitumbukiza koponi, anasikiliza likidondoka, ndipo anaenda kutafuta jingine. Kazi iliyotosha saa moja ilichukua mchana mzima. Mpe huo mchana. Mtoto aliyejaza gunia kwa namna hiyo huna haja ya kumkumbusha kumwagilia.

Udongo wenyewe, kama hauupati nyumbani, kuna wanaouleta kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Uchekeche, kisha changanya na samadi iliyooza vizuri: sehemu mbili za udongo kwa moja ya samadi. Samadi mbichi ya kuku inaunguza mizizi, na samadi mbichi yoyote inaweza kuwa na mayai ya minyoo. Watoto wadogo watatia udongo mdomoni, hilo lichukulie kuwa ni hakika. Kwa hiyo samadi ikae miezi miwili mitatu ikioza mahali wasipofika, na wewe ndiye uichanganye. Maganda ya ndizi na viazi, majani ya maharage, masalia ya jikoni, hayo watoto wanaweza kuyarundika wenyewe kwa ajili ya msimu unaofuata. Majivu ya kuni weka kidogo tu.

Tukija kwenye mbegu, nitasema waziwazi: usimchagulie mtoto mboga unayoipenda wewe, mchagulie ile inayotoka upesi. Mtoto wa miaka minne anaweza kungoja siku tano. Wiki tatu hawezi. Karoti huchelewa kuchomoza, ikichomoza ni uzi mwembamba usioonekana, na mzizi wake ukikutana na jiwe unapinda. Shu, yaani kabichi, inakaa karibu miezi mitatu kabla haijafunga. Hizo panda mahali pako mwenyewe.

Lengalenga, yaani mchicha, ndiyo mboga ya mtoto. Ikipata unyevu huchomoza ndani ya wiki moja, mara nyingi kabla, na baada ya wiki nne tano unaanza kuchuma. Shida yake ni udogo wa mbegu, maana gramu moja ina zaidi ya mbegu elfu moja, na mkono wa mtoto utazimwaga zote mahali pamoja. Changanya mbegu za kujaa kizibo cha chupa na mchanga mkavu kiasi cha kikombe, utie kwenye kopo lenye matundu madogo, mtoto anyunyize juu ya gunia kama anayetia chumvi. Funika kwa udongo mwembamba sana. Zikitoka zimesongamana, usisikitike: zile za kupunguza ndizo chakula cha kwanza, na nyingine zenye majani manne zinahamishiwa kwenye matundu ya ubavuni.

Matundu hayo utayakata wewe kwa kisu, madogo, yapishane, yasiwe karibu na chini kabisa udongo usije ukamwagika. Humo ndimo matembele yanapokaa. Matembele hayanunuliwi, unaomba kwa jirani: vipande vya urefu wa kiganja na nusu, majani ya chini uyatoe, mtoto asukume kwa kidole mpaka macho mawili yazame. Siku za kwanza yatalala kama yamekufa, na watoto watakuja kukuambia yamekufa. Waambie wangoje. Mizizi ikishika, yanainuka yenyewe, na ukichuma ncha yanazidi kutoa matawi.

Kitunguu kilichoanza kuchipua kikapuni kimfae mdogo kuliko wote. Akichomeke juu ya gunia, shingo ibaki nje. Baada ya siku chache majani mabichi yanaonekana, na kila ukikata yanarudi.

Maharage nayapenda kwa sababu mbegu yake inashikika. Chukua yale yale ya jikoni. Chache zipande, mbili tatu zitie kwenye chupa angavu yenye karatasi iliyolowa, uzibandike kwenye ubavu wa chupa kwa ndani ili zionekane. Mtoto ataona mzizi ukichungulia, ukielekea chini, kisha shingo ikijikunja kwenda juu. Mkubwa wangu alikuwa akichora chupa hiyo kila jioni kwenye daftari lake, na maswali aliyoniuliza kuhusu mzizi yalinifanya nikae naye chini nimfikirie kama mtu mzima. Lakini jihadhari: maharage mabichi yana sumu inayoumiza tumbo, hayatafunwi hadi yachemke vizuri. Na mbegu za dukani zilizopakwa rangi, nyekundu au kijani, zina dawa. Hizo mtoto asiziguse kabisa.

Nyanya kila mtu anazitaka. Katika miezi ya mvua ugonjwa wa mildiu unaingia, majani yanapigwa madoa meusi, mche unaisha ndani ya siku chache. Wakulima wanapiga dawa mara kwa mara kuuzuia. Mimi dawa sitaki pale ambapo watoto wanagusa na kula bila kuniuliza. Ukizitaka sana, weka mche mmoja chini ya ukingo wa paa mvua isiyapige majani, na uwafundishe kwamba kinacholiwa ni tunda tu, majani ya nyanya na ya viazi mviringo hayaliwi.

Maji. Siku ambazo hakukunyesha, kila mtoto apewe chupa yenye kizibo kilichotobolewa, amwagilie asubuhi kabla ya kwenda shule. Kwanza achomeke kidole kwenye udongo: kikitoka na unyevu, hakuna kumwagilia siku hiyo, hata akilia. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Yenye sabuni nyingi au javeli (dawa ya kung'arishia nguo) yamwage kwingine. Ya mvua kinga kutoka mabatini, ila mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite ioshe paa. Moshi wa Nyiragongo ukielekea kwetu, mvua huja na asidi, na majani mororo hupata madoa ya hudhurungi. Sio ugonjwa na hakuna dawa yake. Yaoshe kwa maji safi, yaliyoharibika uyatoe, mengine yatakuja. Maji hayo ya mvua yanaweza kubeba floraidi ya volkano, inayoharibu meno ya watoto yanapokua, kwa hiyo yabaki ya bustani. Na chombo unachokingia kifunikwe daima. Mtoto mdogo huzama hata kwenye ndoo.

Mikono ioshwe kwa sabuni kila watokapo bustanini, kabla hawajashika kitu kingine. Tunaishi mahali ambapo kipindupindu hakijaondoka kabisa, na minyoo ya udongoni haina haya. Kwetu kipande cha sabuni kimefungwa kwenye soksi, kinaning'inia kando ya bidoni, karibu na magunia. Sabuni ikiwa ndani ya nyumba, hawataifuata.

Wadudu waachie watoto. Viwavi na konokono wanaonekana asubuhi mapema, na hakuna macho yanayowaona kama ya mtoto wa miaka mitano. Mpe kopo, awakusanye, awapelekee kuku wa nyumbani au wa jirani.

Mtoto akipanda mstari uliopinda, au akachomeka matembele sita mahali pa mawili, uache hivyo hivyo. Najua hamu ya kurekebisha usiku wakiwa wamelala. Usifanye. Kesho atajua, maana anakijua kila kijani alichokiweka, na gunia litakuwa limerudi kuwa lako. Vilevile kupalilia kusiwe adhabu ya aliyevunja sahani. Akichoka, aende acheze, bustani itamngoja hadi jioni.

Kuhusu kula, nimeona mtoto aliyekuwa akitoa kila jani kwenye sahani akimaliza lengalenga ya gunia lake, iliyopikwa na mawese na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na kuwahesabia wageni ni majani mangapi yalikuwa yake. Chuma kidogo mara nyingi, ya kila gunia yaonekane mezani, na useme kwa sauti: hii ni ya kaka, hii ni ya kadogo. Magunia matatu hayatamaliza safari za soko la Virunga. Lakini barabara za Masisi au Rutshuru zikifungwa na bei ya mboga ikapanda, kuna jioni ambazo fufu itapata mboga bila wewe kutoka nyumbani.

Mwezi wa Desemba, katika kila gunia acha shina moja la lengalenga, lile lenye nguvu kuliko yote, lisichumwe. Litatoa masuke, masuke yatakauka. Yakate asubuhi isiyo na umande, watoto wayasugue kwa viganja juu ya kitambaa, upeperushe makapi, mbegu zianikwe kivulini mpaka zikauke kabisa, kisha zifungwe kwenye karatasi iliyoandikwa jina la mwenye gunia. Zitunze mahali pakavu, juu, mbali na panya. Ongeza samadi juu ya magunia mwezi wa Januari, na mvua za mwisho wa Februari zikianza, wape karatasi zao.